Kalankoe, waridi la jangwani au taji la miiba: lipi likae barazani kwako Mwanza?

Muuza miche wa kando ya barabara ana neno moja kwa kila kopo unaloligusa: "Dada, hili halisumbui." Ukigusa la pili, nalo halisumbui. La tatu ndiyo kabisa, "hilo unalisahau tu, dada." Unaondoka na kopo lako, ukifika nyumbani unalitua pale penye nafasi, na baada ya miezi mitatu umebaki na kijiti kwenye udongo.

Nimelea yote matatu hapa mlimani Kitangiri kwa miaka sita sasa, kati ya mawe na mabati ya majirani. Yote yanasumbua. Ila kila moja lina usumbufu wake, na ukijua mapema ni usumbufu upi unaouweza, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi. Moja linakusumbua na giza, moja na mvua, moja na miiba.

Tunayolinganisha

Kalankoe, kwa jina la kitaalamu Kalanchoe blossfeldiana, ni ile fupi yenye majani manene yanayong'aa, kingo zake kama msumeno ulioisha meno, na vishada vya maua madogomadogo juu. Kwao ni Madagaska. Jina la pili limetokana na Robert Blossfeld, Mjerumani wa Potsdam aliyeiingiza sokoni mwaka 1932.

Waridi la jangwani, Adenium obesum, halina undugu wowote na waridi. Utalitambua kwa shina lililofura chini kama kitambi, matawi machache, na maua ya umbo la tarumbeta. Hili ni mwenyeji: linaota lenyewe kwenye nyika kavu za Tanzania na Kenya, likavuka hadi Uarabuni, na jina Adenium limetoka kwenye mji wa Aden. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka utomvu wa adeniamu kwenye mishale yao. Likumbuke hilo tukifika kwenye sumu.

Taji la miiba, Euphorbia milii, nalo ni la Madagaska. Lilipelekwa Ufaransa mwaka 1821 na Baron Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa ambacho leo kinaitwa Réunion, ndipo likapata jina lake. Kwa aliyekulia Usukumani kwenye boma lililozungushiwa minyaa, huyu ni ndugu wa minyaa hiyo kabisa. Vunja tawi uone maziwa.

Shubiri nimeiacha makusudi. Inachanua vizuri tu na ndege aina ya chozi wanaipenda, lakini kwetu watu wanaipanda kwa dawa, maua ni nyongeza.

Vipimo ni hivi, na kila mmea utapita kwenye vyote: mwanga na giza, maji na mvua, udongo na chombo, maua yenyewe, sumu na miiba, na urahisi wa kuongeza miche. Wadudu na bei nitavipitia haraka.

Mwanga na giza

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, na hapo kuna jambo ambalo vitabu vya maua vya Ulaya haviwezi kukusaidia. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa nyumba yako. Kuanzia Oktoba linahamia kusini. Kwa hiyo baraza linalotazama kaskazini linapigwa jua wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti na kupata kivuli Desemba, na la kusini ni kinyume chake. Kabla hujanunua chochote, simama barazani saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, uone jua linaishia wapi, na ukumbuke kwamba baada ya miezi sita halitakuwa hapo.

Waridi la jangwani linataka jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Kwenye kivuli halifi, linarefuka tu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, matawi membamba, ua hakuna. Juu ya jiwe linalochomwa na jua mchana kutwa ndipo kwao.

Taji la miiba linapenda jua vilevile, lakini linavumilia nusu siku. Langu moja liko mahali linapopata jua la asubuhi tu, na bado linachanua, kwa uchache kidogo kuliko mwenzake wa uani.

Kalankoe ndiyo yenye hadithi. Inapenda mwanga mwingi bila jua kali la alasiri. Ukiiweka juu ya jiwe saa 8 mchana majani yatageuka mekundu, yatasinyaa, na itabaki kibonge. Hilo ni rahisi kulirekebisha. Tatizo lake ni usiku.

Kalankoe ya kwanza niliinunua ikiwa na maua mekundu ya kupendeza. Yalikaa wiki saba. Yakaisha, nikakata vishada, nikaendelea kumwagilia, nikatia samadi. Majani yakanenepa, mmea ukatanuka hadi ukafunika kopo. Mwaka ukapita bila ua. Mwaka wa pili vilevile. Nikaanza kuamini kwamba muuza miche ana dawa anayoipulizia ili uchanue mara moja tu, urudi kwake.

Kumbe kosa lilikuwa taa. Tulikuwa tumefunga taa ya ulinzi juu ya mlango, inawaka magharibi hadi alfajiri, na kopo liko chini yake. Kalankoe inahesabu saa za giza. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha kwa wiki kadhaa mfululizo, inaanza kutunga maua. Usiku ukikatwa na mwanga, inajiona bado iko kwenye msimu wa kukua. Wakulima wa maua wa nchi za baridi huifunika ili ipate giza la saa 14 kila siku kwa wiki kama sita. Kwetu siku na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki dakika 20. Giza la saa 12 hivi linaiacha kalankoe njia panda: pengine inachanua yenyewe, pengine haijui ifanye nini. Ukiongeza taa ya ulinzi, imekwisha.

Basi nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaiosha. Kila siku saa 11 jioni nikaifunika kalankoe, saa 1 asubuhi nikaifunua. Mwanangu wa mwisho akauliza, "Mama, hilo ua limefungwa kwa kosa gani?" Siku mbili nilisahau kabisa, moja kwa sababu ya msiba. Wiki ya saba, ukiangalia katikati ya majani mawili ya juu, kulikuwa na kitu kama punje za ulezi, kijani, zimeshikamana. Baada ya hapo sikuifunika tena, na baada ya wiki nyingine kadhaa ikafunguka nyekundu ileile ya dukani.

Kuhama kwenye taa kulikuwa na faida ya pili. Vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, hufuata taa. Asubuhi majani yalikuwa yamefunikwa na mizoga yao, na mwanga haupiti vizuri kwenye jani lililopakwa hivyo.

Maji na mvua

Yote matatu yanahifadhi maji mwilini, na yote yanauawa kwa maji kuliko kwa kiu. Zaidi ya hapo wanatofautiana.

Mvua zetu zinakuja mara mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mwanza inapata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka. Wa Bukoba wanapata karibu mara mbili ya hizo, kwa hiyo chochote ninachosema kuhusu mvua, wao wakizidishe.

Waridi la jangwani ndilo linaloumia zaidi. Lina kitambi kilichojaa maji tayari, na mizizi yake ikikaa kwenye udongo wa tope siku kumi za masika, kuoza kunaanza chini, mahali usipopaona. Langu la pili liliondoka hivyo. Majani yaligeuka manjano nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku nilipoligusa shina, kidole kilizama kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi. Nikaling'oa, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata nyama laini ya kahawia yenye harufu ya uchachu mpaka nikafika kwenye nyeupe ngumu. Robo ya kitambi ilikuwa imebaki. Nikapaka unga wa mkaa, nikalining'iniza chini ya paa la jiko kwa siku kumi na mbili, halafu nikalipanda upya kwenye mchanga mkavu. Lilipona, ila leo limekaa upande kama mzee mwenye mkongojo, na wageni wote wanalisifia hilo kuliko mazima.

Kiangazi, likiwa na majani, limwagilie hadi maji yatoke chini, kisha usubiri udongo ukauke kabisa. Kwangu ni mara moja kwa wiki. Likipukutisha majani, acha kumwagilia, halijafa, limepumzika. Masika likae chini ya paa. Hilo halina mjadala.

Taji la miiba linavumilia mvua vizuri zaidi, mradi maji hayatuami. Wengi wameliotesha nje ardhini kwenye mteremko na linapita misimu yote miwili ya mvua bila shida. Kiangazi ukilisahau wiki mbili linadondosha majani ya chini, ukirudi na maji linaotesha mengine. Kwa mtaa ambao maji ya bomba hukatika siku nne mfululizo, huyu ndiye mpangaji asiye na malalamiko.

Kalankoe iko katikati. Inataka maji kila baada ya siku tano hadi saba wakati wa kiangazi. Ikikaukiwa majani yanalegea na kukunjamana, na ukiimwagilia inarudi. Mvua ya moja kwa moja si nzuri kwayo kwa sababu maji yanakaa katikati ya majani na kuleta ukungu, na vishada vya maua vikilowa vinaoza kabla ya wakati. Mwagilia kwenye udongo, usinyunyizie juu.

Kujua kama udongo umekauka, usiangalie juu tu. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Au nyanyua kopo. Baada ya mwezi mmoja mkono wako utakuwa unajua uzito wa kopo lenye maji na lisilo nayo.

Udongo na chombo

Hapa Mwanza tuna bahati ambayo watu wa sehemu nyingine wanainunua dukani. Luseni, ule udongo wa kichanga chembe kubwakubwa unaotokana na mawe yetu kumomonyoka, ndio msingi bora wa mimea hii. Mbuga, ule mweusi unaonata na kupasuka wakati wa jua, usiuguse, hata kama jirani anakuambia una rutuba. Una rutuba kweli, kwa mpunga.

Mchanganyiko wangu wa waridi la jangwani ni luseni sehemu tatu, samadi iliyooza kabisa sehemu moja, na chenga za mkaa sehemu moja. Taji la miiba linapata huohuo. Kalankoe naipunguzia luseni hadi sehemu mbili na kuongeza pumba za mpunga zilizochomwa, kwa sababu mizizi yake ni midogo na haipendi kukauka ghafla.

Chungu cha udongo kinapumua, cha plastiki kinashika unyevu. Waridi likae kwenye chungu kipana kisicho kirefu, kitambi kikiwa nusu nje. Ukilizika shingoni hujui unachokizika. Kalankoe inakaa vizuri kwenye kopo la plastiki. Taji halichagui, langu la kwanza lilikuwa kwenye sufuria iliyotoboka. Toboa matundu manne au matano kwa msumari uliopashwa moto, na masika ondoa kisahani cha chini.

Maua yenyewe

Ukitaka kuona kitu kikiwa na rangi kila siku unapofungua mlango, taji la miiba halina mshindani katika haya matatu. Linachanua karibu mwaka mzima. Kwa kusema kweli, zile rangi nyekundu, pinki au manjano unazoziona si petali bali vijani viwili vilivyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadude kadogo katikati. Ndiyo maana halinyauki upesi. Ya zamani yana maua madogo kama kifungo cha shati. Yale makubwa yenye vichwa kama vya haidranjia yalizalishwa Thailand, ambako watu huyafuga pia kwa kuamini yanaleta bahati.

Waridi la jangwani linatoa maua makubwa zaidi, ila kwa awamu. Baada ya kiangazi kulikausha, jua likiwa kali, linajaa pinki kwenye matawi ambayo hayana hata jani moja. Ua moja halidumu sana, siku chache tu, lakini yanapokezana. Halafu linanyamaza miezi. Mtu asiye na subira ataliona limekufa. Mwenye subira anapata pia kitambi, ambacho kwangu ni nusu ya sababu ya kulifuga: hata bila ua, ni sanamu.

Kalankoe inatoa kishada kimoja kikubwa cha wiki sita hadi nane, rangi yoyote utakayo kasoro bluu. Ndiyo inayofaa kumpelekea mgonjwa au kupamba meza siku ya Kipaimara. Baada ya hapo, ndoo.

Sumu, maziwa na miiba

Hapa sina lugha laini. Hakuna hata moja kati ya matatu linalofaa mdomoni, la mtoto wala la mnyama.

Kalankoe inaonekana mpole, na ndiyo maana inahadaa. Ina sumu inayogusa moyo, na maua yake ndiyo yenye nguvu zaidi. Ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka wote wanadhurika. Ikiwa mbuzi wa jirani wanapita uani kwako kama njia yao, usiiweke chini.

Waridi la jangwani limebeba sumu ya kundi hilohilo la moyo, kwenye utomvu wa sehemu zote. Unapokata tawi vaa glavu, na nawa mikono kabla ya kugusa ugali. Halina mwiba hata mmoja, kwa hiyo mtoto hana kitu cha kumwonya.

Taji la miiba linajilinda lenyewe. Miiba yake inachoma kupitia kanda mbili. Maziwa yake yanawasha ngozi, na yakiingia machoni ni safari ya hospitali, baada ya kusuuza jicho kwa maji mengi yanayotiririka. Mtoto wa miaka minne ataligusa mara moja tu, wa mwaka mmoja anayejifunza kusimama atalishika ili asianguke, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kuna jambo lingine kuhusu maziwa hayo linalotuhusu watu wa ziwa. Watafiti nchini Brazil wameyachunguza kama dawa ya kuua konokono wanaobeba kichocho. Lakini asije mtu akabeba ndoo hadi ufukweni: maziwa ya jamii hii yanaua samaki pia, na wazee waliovua kwa minyaa wanalijua hilo.

Kuongeza miche

Kalankoe ni rahisi mno. Kata kipande cha urefu wa kidole kisicho na ua, kiache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kichomeke. Wiki tatu kina mizizi. Mimi huanza mipya kila baada ya miaka miwili, kwa sababu ya zamani inakuwa na miguu mirefu isiyo na majani.

Taji la miiba linafanana na hilo, ila chovya kidonda kwenye maji kwanza maziwa yasimame, kisha ukiache kikauke siku tano au wiki nzima. Ukiharakisha kinaoza. Tumia koleo la jikoni kukishikia.

Waridi la jangwani ndipo watu wanapopigwa. Kipande cha tawi kinaweza kushika, lakini mara nyingi kitakupa mmea mwembamba usio na kitambi kizuri. Kitambi kinatoka kwenye mbegu. Likizaa, utaona maganda mawili kama pembe za mbuzi. Yafunge kwa uzi au kipande cha soksi kabla hayajapasuka, kwa sababu mbegu zina manyoya pande zote mbili na upepo wa ziwani hauzirudishi. Zikiwa mbichi zinaota ndani ya wiki moja hivi. Ua la kwanza ni mwaka mmoja hadi miwili. Yale yenye maua ya tabaka mbili tatu yamepandikizwa: chipukizi linalotoka chini ya mahali palipoungwa likate, la sivyo litameza la juu.

Wadudu na bei

Vidung'ata, vile vyeupe kama pamba, vinapenda yote matatu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Waridi linapata pia vidukari vya manjano kwenye machipukizi na utitiri mwekundu wakati wa kiangazi. Kalankoe inapata ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kwenye kona isiyo na hewa. Taji karibu halisumbuliwi.

Kwa bei, kalankoe na taji ni za kawaida, na tawi la taji utapewa bure na yeyote anayelipogoa. Waridi linauzwa kwa ukubwa wa kitambi. Usinunue bila kulibonyeza. Likibonyea, lirudishe mezani kwake.

Kulingana na hali yako

Una baraza lenye jua la kutwa, paa la kujikinga na masika, na unapenda kitu cha kukaa nacho miaka kumi: waridi la jangwani. Ukiwa mtu wa kumwagilia kila jioni kwa mazoea, jizuie au chagua kingine, mkono wako utaliua.

Una kiwanja cha mawe, mteremko, maji ya shida, na mifugo ya watu inapita: taji la miiba, lipandwe ukingoni mwa ua mbali na njia. Linafaa pia chini ya dirisha ambalo hutaki mtu asimame.

Unakaa ghorofani au kwenye chumba chenye dirisha moja la mashariki: kalankoe. Iweke mahali ambapo taa inazimwa usiku. Na kama huna moyo wa kufunika ndoo wiki sita, inunue kwa ajili ya wiki zake nane na usiionee aibu hiyo. Hata mkungu wa ndizi unaliwa mara moja.

Kuna mtoto anayetambaa nyumbani: hakuna kati ya haya matatu linalokaa chini. Kalankoe inaweza kuning'inizwa juu, mradi uokote majani yanayoanguka. Mawili yaliyobaki yasubiri mtoto akue, au uanze na kaktasi ya Krismasi, ile ya Brazil yenye mashina bapa yanayoning'inia, ambayo haina sumu na inataka kivuli.

Uko Bukoba au visiwani kwenye mvua nyingi: taji la miiba nje kwenye mwinuko, au kalankoe ndani. Waridi utaliweza ukiwa na paa la bati safi linalopitisha mwanga, na luseni ya kutosha.

Umepanga, na mwenye nyumba anaweza kukuambia uhame mwisho wa mwezi: kalankoe inapanda bodaboda kwenye mfuko, waridi linakaa miguuni kwenye bajaji. Taji la miiba liache kwa jirani, ukate tawi moja, ulifunge kwenye gazeti la jana. Ukifika unakokwenda litakuwa limeshakauka kidonda.